Upatanisho baina ya Kiini na Moduli: Kutambua na Kurekebisha Migongano ya Matoleo baada ya Kuunda Upya Mfumo wa FreeBSD

Ikisiri

Makala haya yanaeleza tatizo linalowakabili watu wanaounda upya mfumo endeshi wa kompyuta kutoka katika msimbo chanzo wake: moduli iliyokuwa ikifanya kazi hapo awali hukataliwa na kiini. Hoja kuu ni kwamba kukataliwa huko si ushahidi wa ubovu wa moduli, bali ni matokeo ya ukaguzi wa upatanisho, na kwamba ukaguzi wenyewe hutazama umbo, yaani namba ya toleo, bila kutazama maana. Kwa sababu hiyo, mgongano unaopita kimya ni wa hatari zaidi kuliko ule unaotangazwa. Mfano unaochambuliwa ni mfumo wa FreeBSD. Mfumo wa Linux unatajwa kwa kulinganisha tu.

1.0 Utangulizi

Idara nyingi za lugha hivi sasa huhifadhi katika kompyuta zao rekodi za sauti, picha za miswada na kongoo za matini. Mara nyingi anayezitunza kompyuta hizo si mhandisi, bali ni mwalimu au mwanafunzi wa uzamili aliyejifunza kazi hiyo kwa kuifanya. Mtu huyo anaposasisha mfumo kwa kuuunda upya, anaweza kukuta kwamba diski zenye data hazionekani, mtandao haufanyi kazi, au kiwambo kimebaki cheusi. Dhana ya kwanza inayomjia ni kwamba kitu kimeharibika.

Dhana hiyo kwa kawaida si sahihi. Diski iliyopangwa kwa mfumo wa faili wa ZFS, kwa mfano, husomwa kwa msaada wa moduli. Moduli hiyo ikikataliwa, diski haisomeki, lakini data iliyomo haijaguswa. Tofauti baina ya data iliyopotea na moduli iliyokataliwa ni kubwa. Asiyeitambua anaweza kuamua kuiumbiza diski upya na hivyo kufuta kwa mkono wake kazi ambayo kompyuta haikuifuta. Ndiyo maana inafaa suala hili lifafanuliwe kwa Kiswahili, na kwa wasomaji ambao dhana ya upatanisho wanaifahamu vizuri kutokana na taaluma yao.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Istilahi nne zinahitaji kufafanuliwa kabla ya kuendelea.

Mfumo endeshi ni jumla ya programu zinazoiwezesha kompyuta kufanya kazi na kuzipokea programu nyingine. Msimbo chanzo ni matini ya programu kama ilivyoandikwa na wataalamu, kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Programu inayofanya ugeuzaji huo huitwa kompaila.

Kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayokaa katika kumbukumbu muda wote kompyuta inapokuwa imewashwa, na inayogawa muda, kumbukumbu na vifaa kwa programu zote. Neno hili linafaa kwa sababu Kiswahili tayari kinalitumia kwa sehemu ya ndani inayobeba uhai au maana ya kitu: kiini cha yai, kiini cha mbegu, kiini cha habari.

Moduli ni kipande cha programu kinachoweza kuongezwa katika kiini wakati kompyuta inaendelea kufanya kazi. Tendo la kukiongeza huitwa kupakia. Moduli huhusika na kifaa fulani, mfumo fulani wa faili au itifaki fulani ya mtandao. Ikumbukwe kwamba moduli ikishapakiwa haibaki mgeni: huwa sehemu ya kiini, hutumia kumbukumbu ile ile, na kosa lake huwa kosa la kiini kizima.

FreeBSD ni mfumo uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1993. Utaratibu wake wa sasa wa kupakia moduli ulianza na toleo la 3.0 la mwaka 1998. Mfumo huu unafaa kwa uchambuzi huu kwa sababu kiini, moduli zake na programu zake za msingi hutunzwa pamoja katika hazina moja ya msimbo, na mtumiaji anaweza kuviunda vyote kwa mpangilio ulio wazi.

3.0 Dhana ya Upatanisho

3.1 Upatanisho wa umbo

Tuanze na mfano wa kawaida wa kisarufi:

(1) a. Kitabu changu kimepotea.
    b. *Kitabu yangu imepotea.

Sentensi (1b) haikubaliki katika Kiswahili Sanifu, ingawa kila neno lililomo, likitazamwa peke yake, ni neno zuri. Kivumishi si kibovu, na kitenzi hakina kasoro. Kinachokosekana ni upatanisho: viambishi vya kivumishi na kitenzi havikuchukua umbo linalotakiwa na nomino. Anayetaka kuirekebisha sentensi hiyo hatupi neno lolote, bali huliunda upya neno tegemezi kwa kufuata nomino inayotawala.

Uhusiano wa kiini na moduli ni wa namna hiyo. Kiini hutawala, na moduli hutegemea. Katika msimbo chanzo wa FreeBSD, ndani ya faili ya sys/sys/param.h, kuna namba inayotambulisha toleo la kiini. Toleo la 14.0 lilipewa namba 1400097, na toleo la 14.1 namba 1401000. Moduli inapoundwa, hutiwa ndani yake tamko la utegemezi lenye mipaka miwili: namba ya chini, ambayo ni ile ya msimbo ulioiunda, na namba ya juu, ambayo kwa kawaida ni ya mwisho katika tawi kuu hilo. Kiini kinapoombwa kuipakia, hulinganisha namba yake na mipaka hiyo. Namba ikiwa nje ya mipaka, moduli hukataliwa.

Matokeo yake yanaonekana katika mifano ifuatayo:

(2) a. Moduli iliyoundwa kwa msimbo wa 14.0 (mipaka: 1400097 hadi 1499999) hukubaliwa na kiini cha 14.1.
    b. Moduli iliyoundwa kwa msimbo wa 14.1 (mipaka: 1401000 hadi 1499999) hukataliwa na kiini cha 14.0.
    c. Moduli yoyote kati ya hizo mbili hukataliwa na kiini cha tawi la 15.

Ni dhahiri kwamba uhusiano huu hauna ulinganifu wa pande mbili. Moduli ya zamani yaweza kupokelewa na kiini kipya cha tawi lile lile, lakini moduli mpya haipokelewi na kiini cha zamani. Mtu asiyelijua jambo hili hushangaa kuona kwamba moduli aliyoiunda leo inakataliwa ilhali ile ya mwaka uliopita ilikubaliwa.

3.2 Upatanisho wa maana

Umbo, hata hivyo, halitoshi. Tazama mifano hii:

(3) a. Kiboko mkubwa ameonekana mtoni.
    b. Kiboko kikubwa kimekatika.

Nomino ni ile ile kwa umbo, lakini katika (3a) ni mnyama na katika (3b) ni mjeledi. Anayeisikia nomino pekee hawezi kujua ni ipi kati ya maana hizo mbili.

Namba ya toleo ina upungufu kama huo. Ni jina tu, na halionyeshi kilichomo ndani. Kiini huhifadhi taarifa zake katika miundo yenye sehemu zilizopangwa kwa mfuatano, na moduli iliyokwisha kuundwa huzifikia sehemu hizo kwa kuhesabu umbali kutoka mwanzo wa muundo, si kwa majina. Wataalamu wakiongeza sehemu mpya katikati ya muundo, moduli ya zamani itaendelea kuhesabu kama ilivyozoea, na itasoma kitu kingine. Ni sawa na mtu aliyeambiwa asome alama za mitihani katika safu ya tatu ya jedwali, kisha safu mpya ikaongezwa upande wa kushoto bila yeye kuarifiwa. Atasoma bila kusita, na atakachosoma kitakuwa makosa matupu.

Ndani ya tawi moja kuu, watunzaji wa FreeBSD hujitahidi kuilinda miundo inayotumiwa na moduli za nje. Lakini baadhi ya moduli, hasa zile za michoro ya kiwambo na zile za kompyuta bandia, hugusa sehemu za ndani ambazo ahadi hiyo haizifikii. Moduli ya namna hiyo yaweza kuwa ndani ya mipaka ya namba, ikapokelewa, kisha ikauangusha mfumo mzima mara tu inapoanza kazi.

Linux ilichukua njia nyingine. Kiini chake huilinganisha moduli kwa maandishi yanayotaja toleo na baadhi ya chaguo za uundaji. Zaidi ya hayo, kikiundwa kwa chaguo hilo, hukokotoa namba ya ukaguzi kwa kila alama ambayo moduli zinaweza kuitumia, kwa kufuata aina za data zinazohusika. Muundo ukibadilika, namba ya ukaguzi nayo hubadilika, na moduli ya zamani hukataliwa hata kama jina la toleo ni lile lile. Ukaguzi huo unaukaribia zaidi upatanisho wa maana, ijapokuwa nao huangalia umbo la data tu na si matumizi yake.

4.0 Vyanzo vya Mgongano

Utaratibu rasmi wa kuunda upya FreeBSD una hatua zenye mpangilio. Kwanza huundwa programu za msingi kwa amri ya make buildworld, kisha kiini na moduli zake kwa make buildkernel. Hufuata kusakinisha kiini kwa make installkernel na kuwasha kompyuta upya. Baada ya hapo ndipo programu za msingi husakinishwa kwa make installworld, faili za usanidi zikaoanishwa kwa etcupdate, na kompyuta ikawashwa tena. Takriban kila mgongano hutokana na kukiukwa kwa mpangilio huu au na moduli iliyo nje yake. Vyanzo vinne ndivyo vinavyojitokeza zaidi.

Chanzo cha kwanza ni moduli za nje. Amri ya kusakinisha kiini huihamisha saraka nzima ya /boot/kernel na kuipa jina la /boot/kernel.old, kisha huweka saraka mpya yenye kiini na moduli zilizozaliwa pamoja. Moduli zilizoletwa na vifurushi vya nje hukaa katika /boot/modules, na saraka hiyo haiguswi. Kwa hiyo swali la kwanza la uchunguzi ni hili: je, moduli iliyokataliwa inakaa wapi?

Chanzo cha pili ni kompyuta ambayo haijawashwa upya. Kiini kipya kiko katika diski, lakini kinachofanya kazi katika kumbukumbu ni kile cha zamani. Moduli itakayoombwa wakati huo huchukuliwa kutoka saraka mpya, na mfano (2b) hujitokeza.

Chanzo cha tatu ni kiini kilichosakinishwa mahali pasipofaa. Baadhi ya kompyuta huweka faili za kuwashia katika sehemu ya pekee ya diski. Sehemu hiyo isipokuwa imeunganishwa wakati wa kusakinisha, kiini kipya huwekwa mahali ambapo kompyuta inapowaka haipasomi. Mtumiaji huona kwamba amesakinisha na amewasha upya, kumbe kiini bado ni kile cha zamani.

Chanzo cha nne ni msimbo usiolingana. Moduli ya nje huundwa kwa kutazama msimbo ulio katika /usr/src. Msimbo huo ukiwa wa toleo tofauti na kiini kinachofanya kazi, moduli itazaliwa na namba isiyopatana. Hali kadhalika, kifurushi kilichoundwa tayari na wengine kimefuata toleo la kompyuta iliyokiunda, si la kompyuta inayokipokea.

5.0 Uchunguzi na Tiba

5.1 Kusoma ushahidi

Uchunguzi ni kazi ya kulinganisha namba. Amri ya uname -K hutoa namba ya kiini kinachofanya kazi, na uname -U hutoa ile ya programu za msingi. Amri ya freebsd-version -k hutaja kiini kilichosakinishwa katika diski, na freebsd-version -r hutaja kile kilicho katika kumbukumbu. Hizi mbili za mwisho zikitofautiana, kompyuta haijawashwa upya au imewashwa kwa kiini kingine. Amri ya sysctl kern.bootfile huonyesha ni faili ipi hasa iliyotumika kuwasha. Amri ya kldxref -d, ikielekezwa katika saraka ya moduli, huonyesha mipaka ambayo kila moduli imeitangaza.

Aidha, inafaa kutenganisha matatizo matatu yanayofanana kwa juu juu. La kwanza ni mgongano wa toleo, ambapo ujumbe husema kwamba moduli inategemea kiini ambacho hakipatikani au toleo lake halipatani. La pili ni alama isiyojulikana: moduli inadai kitu ambacho kiini hiki hakina, kwa mfano kwa sababu kiini kiliundwa bila chaguo fulani au moduli nyingine inayotakiwa haijapakiwa. La tatu ni moduli iliyomo tayari: kazi yake imekwisha kujumuishwa ndani ya kiini, na hakuna haja ya kuipakia. Ni tatizo la kwanza tu linalotibiwa kwa kuoanisha matoleo.

5.2 Kurejea mahali salama

Kompyuta ikishindwa kuwaka kwa sababu ya moduli, hatua ya kwanza ni kurejea katika kiini cha awali kwa kuandika boot kernel.old katika programu ya kuwashia. Kiini hicho kitatumia moduli zake za zamani zilizo katika saraka yake. Ikiwa tatizo linatokana na moduli iliyoorodheshwa katika faili ya /etc/rc.conf, kuwasha katika hali ya mtumiaji mmoja huzuia orodha hiyo isitekelezwe, na moduli yaweza kuondolewa humo. Ni busara pia kutunza nakala ya kiini kinachojulikana kuwa kizima katika saraka yenye jina lake pekee, kabla ya kuanza kazi yoyote ya kuunda upya.

Kwa wanaotumia ZFS kuna tahadhari moja isiyofaa kupuuzwa. Amri ya zpool upgrade huiongezea hazina ya diski sifa mpya, na sifa hizo haziondolewi tena kwa kubatilisha amri. Ikitolewa mapema, kiini cha zamani kinaweza kushindwa kuisoma hazina hiyo, na njia ya kurudi nyuma ikafungwa. Amri hiyo ingoje hadi kiini kipya kithibitishwe.

5.3 Kuoanisha

Tiba yenyewe ni kuviunda upya kiini na moduli kutoka katika msimbo mmoja. Kwa moduli za nje, FreeBSD ina kigezo kiitwacho PORTS_MODULES, ambacho kikiandikwa katika faili ya /etc/make.conf pamoja na jina la moduli, moduli hiyo huundwa na kusakinishwa kila mara kiini kinapoundwa na kusakinishwa. Kwa njia hiyo moduli ya nje huingizwa katika mpangilio ule ule, na chanzo cha kwanza na cha nne hutoweka kwa pamoja.

Njia ambayo haifai ni kulazimisha. Linux inamruhusu mtumiaji kuupuuza ukaguzi, na kiini kikishapokea moduli kwa nguvu hujiwekea alama kwamba hakiaminiki tena. Wapo pia wanaoihariri namba katika msimbo ili moduli ikubalike. Kufanya hivyo ni kubadilisha kiambishi bila kubadilisha nomino: sentensi inasikika sawa, lakini mjeledi umepewa jina la mnyama. Mgongano uliokuwa ukitangazwa sasa hupita kimya, na moduli inayohesabu vibaya katika mfumo wa faili haishii kuangusha kompyuta, bali yaweza kuandika mahali pasipotakiwa.

6.0 Lugha ya Ujumbe

Suala hili lina upande unaowahusu wanaisimu moja kwa moja. Mtumiaji anapopakia moduli isiyopatana kwa amri ya kldload, kiini humrudishia namba ya hitilafu 8, ambayo maelezo yake ya Kiingereza yanazungumzia kosa katika umbo la faili ya kutekelezwa. Namba hiyo moja hubeba sababu nyingi tofauti. Sababu halisi huandikwa kwingine, katika kumbukumbu za kiini zinazosomwa kwa amri ya dmesg. Asomaye ujumbe wa kwanza pekee huamini kwamba faili ni mbovu, na anaifuta.

Juhudi za kuziwekea programu lugha ya Kiswahili si ngeni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na istilahi nyingi za kazi za ofisini zilipata sura ya Kiswahili. Ujumbe wa kiini, hata hivyo, umebaki kwa Kiingereza, na anayeufafanua kwa Kiswahili hulazimika kuchagua maneno yeye mwenyewe. Chaguo hilo lina uzito. Akisema moduli ni mbovu, msikilizaji ataitupa. Akisema moduli haipatani na kiini, msikilizaji atauliza imeundwa kwa kiini kipi, na swali hilo ndilo mlango wa tiba. Kitenzi kupatana kinafaa kuliko kulingana, kwa kuwa, kama ilivyoonyeshwa katika (2a), moduli na kiini havilazimiki kuwa na namba sawa. Vinalazimika kuwa katika uhusiano unaoruhusiwa, kama vile ch- ya changu na ki- ya kitabu zisivyo sauti moja lakini zinapatana.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kukataliwa kwa moduli baada ya kuunda upya mfumo ni tukio la upatanisho, na kwamba lina kanuni zinazoelezeka. Kanuni hizo hutazama namba, na namba ni umbo tu. Kwa hiyo mtunzaji wa kompyuta anapaswa kushukuru anapoona ujumbe wa kukataliwa, kwa kuwa kiini kimemzuia kabla ya madhara. Anachotakiwa kufanya ni kulinganisha namba, kutambua moduli imetoka wapi, kurejea katika kiini cha zamani ikibidi, na kuviunda vyote upya kutoka katika msimbo mmoja kwa mpangilio wake. Diski zisiguswe hadi uchunguzi huo ukamilike. Kwa upande wa istilahi, imependekezwa kwamba kutopatana kutumike kwa hali hii na ubovu uachiwe faili iliyoharibika kweli, kwa sababu anayetibu ugonjwa usiokuwapo huweza kuleta ugonjwa uliokuwa haupo.